Kibao cha duka kisomeke kutoka ng'ambo ya barabara

Mtu anayesoma kibao cha duka mjini Kampala mara nyingi yuko juu ya bodaboda au ameketi dirishani mwa taksi, naye huwa na muda mfupi tu kabla hajapita. Kwa hiyo, kabla hujanunua rangi, vuka barabara, usimame pale anapopita mteja wako, kisha upime umbali hadi dukani. Mafundi wa mabango wana kipimo cha zamani ambacho kingali kinafaa: kila mita 3 za umbali huhitaji kimo cha herufi cha sentimita 2.5 hivi. Kwa mita 24 utahitaji herufi za sentimita 20, na pengine hapo utagundua kwamba maneno uliyokusudia hayaenei. Punguza maneno, wala usipunguze herufi. Bei na namba ya simu ziandikwe ukutani, karibu na mlango.

Piga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, kisha uchore herufi zote kwa chaki kabla ya kugusa brashi. Herufi O izidishwe kidogo juu na chini ya mistari, la sivyo itaonekana ndogo kuliko wenzake.

Nafasi kati ya herufi ndiyo inayoharibu vibao vingi, nami naiona kuwa kiini cha kazi yote. Chukua neno DAWA. Ukipanga herufi zake kwa rula, kila moja ikianza sawasawa pale inapoishia jirani yake, mbavu zilizolala za A na W zitaacha mapengo mapana, na neno litaonekana limekatika. Isogeze W hadi mkono wake wa juu upite juu ya mguu wa A. Rula haitakubali, lakini jicho litakubali.

Mwenye bucha anayeandika NYAMA YA NG'OMBE asiiache ritifaa (alama ya ' iliyo kati ya NG na O), wala asiweke pengo baada yake, maana neno moja litasomeka kama mawili. Ikiwa kibao kina Kiganda pia, herufi ŋ, inayosimamia sauti hiyo ya ng', ichorwe kama ilivyo. Na ukipeleka kazi kwa wachapaji wa Nasser Road, uliza kwanza kama fonti uliyochagua inayo, kwa kuwa baadhi ya fonti hazina.

Chaki ikishakamilika, vuka barabara tena, usome kibao ukiwa unatembea, na urekebishe kabla rangi ya mafuta haijafunguliwa.