Somo: Namna ya kusoma juzuu ya mwisho ya The Lord of the Rings bila kuiharibu

Ndugu wanachama, kila baada ya muda mfupi kuna mtu anayemaliza juzuu ya pili ya The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, kisha ananiuliza aisome vipi ya tatu, The Return of the King. Nimejibu mara nyingi mno, na kila mara nasahau jambo moja au jingine. Naandika hapa yote, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Mwisho wa hadithi sitaufichua.

Hatua ya 1. Maliza kwanza juzuu mbili za mwanzo.

Hatua ya 2. Tafuta nakala yenye nyongeza zote sita, A hadi F.

Hatua ya 3. Ikiwa miezi imepita tangu uweke chini juzuu ya pili, rudia sura zake mbili za mwisho.

Hatua ya 4. Soma Kitabu cha Tano chote, sura zake kumi, ndipo uingie Kitabu cha Sita.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba msome taratibu. Juzuu hii ina vitabu viwili ndani yake. Cha Tano kinafuata vita vya mji wa Minas Tirith, na cha Sita kinarudi kwa Frodo na Sam, wawili kati ya wale hobbit (watu wafupi) wanaosafiri katika hadithi, ingawa sehemu kubwa ya mambo hayo inatokea katika siku zilezile. Niliposoma mara ya kwanza niliuona mpangilio huo kuwa usumbufu. Nikafungua Nyongeza B, ambayo ina orodha ya tarehe, nikaziandika kwa penseli pembeni mwa sura, nikawa naruka kutoka kitabu kimoja hadi kingine kwa kufuata kalenda: Machi 14 huku, Machi 15 kule. Hatimaye nikafika kwenye Lango Jeusi, mlango wa nchi ya adui, Machi 25, pale mjumbe wa adui anapotoa kitu kimoja baada ya kingine mbele ya mchawi Gandalf na wenzake: upanga mfupi, joho la kijivu, na vazi la mithril, ile madini ya thamani kama fedha. Pippin anapiga ukelele wa uchungu. Mimi niligeuza ukurasa bila kushtuka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua vitu vile vya Frodo na Sam vilipatikanaje na Frodo mwenyewe yuko wapi. Tolkien amekusimamisha katikati ya jeshi lile makusudi, ili usijue kama wao wasivyojua, na uzito wote wa sura ile umebebwa na kutojua huko. Nimeisoma tena mara nne tangu wakati huo, na mshtuko ule sijaupata.

Tahadhari ya kwanza: usiiguse Nyongeza B kabla ya kumaliza hadithi, hata kwa kuchungulia, maana inaeleza mpaka nani alikufa lini miaka mingi baadaye. Tahadhari ya pili: sura ya nne ya Kitabu cha Tano inakwisha jogoo akiwika ndani ya mji uliozingirwa, asiyejali vita wala uchawi, na papo hapo pembe zinasikika kutoka mbali. Sura inayofuata inakurudisha nyuma, gizani msituni, ambako Merry amelala chini haoni kitu. Usidhani kurasa zimechanganywa kiwandani. Utasafiri na wapanda farasi anaofuatana nao Merry mpaka uzifikie pembe zilezile kwa upande wao. Ukipanga kwa tarehe, utakuwa umewaona wakija kabla jogoo hajawika, na pembe zile zitakuwa habari ya jana.

Hatua ya 5. Jambo kubwa la safari linaamuliwa katika sura ya tatu ya Kitabu cha Sita. Zinabaki sura sita, nawe usizipitie haraka kama mtu anayefunga duka. Sura ya nane, inayohusu kurudi nyumbani, ndiyo inayoonyesha vita vimewafanya nini wale hobbit wanne: Frodo, Sam, Merry na Pippin.

Hatua ya 6. Katika nyongeza, anza na kisa cha Aragorn na Arwen kilichomo katika A. Kisha B, kisha zilizobaki kwa hamu yako.

MASWALI

Mpita Njia: Nimeona filamu ya 2003. Naweza kuanzia juzuu ya tatu?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mpita Njia: Lakini filamu imeeleza kila kitu.

Mwandishi: Haijaeleza. Mapambano ya sura ya nane niliyoitaja katika Hatua ya 5 hayamo kabisa katika filamu ile. Tafadhali soma somo kabla ya kuuliza.

Kalamu Nyeusi: Hatua ya 4 ni maoni yako tu. Mimi nilisoma kwa tarehe na nilifurahi.

Mwandishi: Sikusema hutafurahi, nimesema kuna kitu utakikosa. Juzuu ya pili ilitoka Novemba 11, 1954, ikamwacha Frodo mikononi mwa adui. Ya tatu ilitoka Oktoba 20, 1955. Wasomaji wale walikaa na wasiwasi huo miezi kumi na moja, na bado iliwabidi wapite sura kumi kabla ya kumwona tena. Wewe unaombwa kuvumilia sura kumi tu.

Binti Mwalimu: Shikamoo. Mbona jina la juzuu lenyewe linatangaza kwamba mfalme anarudi?

Mwandishi: Marahaba, dada, umeuliza vizuri sana. Tolkien mwenyewe alilalamika hivyohivyo. Alipendelea The War of the Ring, kwa kuwa aliona jina lililochaguliwa linafichua mno. Kwake hii ilikuwa hadithi moja yenye vitabu sita. Mchapishaji aliigawa katika juzuu tatu kwa sababu ya gharama za uchapishaji baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ndipo kila juzuu ikahitaji jina lake. Kuchelewa kwa ya tatu nako kulitokana zaidi na hizi nyongeza, ambazo hakuwa amezimaliza.

Binti Mwalimu: Ahsante. Na majina ya Kielfu, ya lugha za wale Elves, yanatamkwaje?

Mwandishi: Nyongeza E inaeleza, na sisi Waswahili tumebahatika. Irabu zake zinakaribiana sana na zetu. DH ya Caradhras ni ya dhahabu, TH ya Tirith ni ya thamani, na G ni ya gari siku zote. Jihadhari na C, ambayo daima ni K: Celeborn ni Keleborn.

Kalamu Nyeusi: Mkazo je? Denethor nimekuwa nikimkazia kwenye "ne", kama tunavyofanya sisi.

Mwandishi: Hapo ndipo Kiswahili kinapotupoteza, na nashukuru umeuliza. Denethor mkazo uko kwenye "De", na Faramir kwenye "Fa". Isildur ni kwenye "sil", kwa sababu irabu ile inafuatwa na konsonanti mbili.