Kuingia kwenye seva kwa ufunguo wa SSH bila kuulizwa nenosiri

SSH ni njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Maelezo haya ni ya anayesimamia seva ya Ubuntu au Debian (aina za Linux) iliyo mbali, awe Kisumu, Nakuru au Kakamega. Tumia laptopu yako. Kompyuta ya saiba usiiguse kwa kazi hii: ufunguo wa siri ukibaki pale, atakayeketi baada yako ameurithi.

1. Unda ufunguo

`ssh-keygen -t ed25519 -C "laptopu-kisumu"`

Ed25519 ni aina ya ufunguo, nayo imo ndani ya OpenSSH (programu ya SSH yenyewe) tangu toleo la 6.5, mwaka 2014. RSA, aina ya zamani, iachie vifaa vya zamani visivyojua kingine. Ukiombwa nenosiri la kuulinda ufunguo, liweke. Laptopu ikiibwa stendi ya matatu, ufunguo usiolindwa unamfungulia mwizi seva papo hapo. Hutalichapa kila mara: `ssh-add` hulikumbuka hadi utoke.

2. Upeleke kwenye seva

`ssh-copy-id -i ~/.ssh/id_ed25519.pub fundi@203.0.113.10`

Badala ya `fundi` na `203.0.113.10` weka jina la mtumiaji na anwani ya seva yako. Kwenye Windows tumia Git Bash. Kinachosafiri ni faili la `.pub` pekee, yaani sehemu ya wazi ya ufunguo; ya siri hubaki kwenye laptopu.

3. Ikiwa bado unaulizwa nenosiri

Hapa ndipo watu hupoteza mchana mzima, kwa sababu seva haikuambii kosa ni nini. Inaukataa ufunguo kimya kimya, kisha inaomba nenosiri kama kawaida. `ssh -v` itakuonyesha tu kwamba ufunguo umewasilishwa kwa seva. Sababu yenyewe iko kwenye logi ya seva:

`sudo journalctl -u ssh -n 30`

Mara nyingi utakuta `bad ownership or modes for directory /home/fundi`. Sshd, programu ya seva inayopokea wanaoingia kwa SSH, hukagua vitu vitatu: faili la `authorized_keys` (orodha ya funguo zinazoruhusiwa), folda ya `.ssh`, na folda ya nyumbani ya mtumiaji. Kimojawapo kikiwa kinaweza kuandikwa na mtu mwingine, ufunguo unapuuzwa. Wengi hurekebisha viwili vya kwanza na kusahau cha tatu, hasa pale mtu alipopiga `chmod -R 777` ili tovuti ikubali kupakia picha. (Hiyo amri si dawa ya kitu chochote.)

`chmod go-w ~`
`chmod 700 ~/.ssh`
`chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`

Kama faili liliundwa kwa `sudo`, huwa ni mali ya root, na likiwa na ruhusa ya 600 sshd haiwezi kulisoma kwa niaba ya fundi:

`sudo chown -R fundi:fundi /home/fundi/.ssh`

Kwenye Rocky au AlmaLinux (aina nyingine za Linux) ruhusa zinaweza kuwa sawa kabisa na SELinux, ulinzi wa ziada wa mfumo, bado ikakataa. Jaribu `restorecon -Rv ~/.ssh`. Na kama uliubandika ufunguo kwa mkono, hakikisha uko kwenye mstari mmoja. Ukinakiliwa kutoka WhatsApp unaweza kukatika katikati.

4. Faili la `~/.ssh/config` kwenye laptopu

`Host duka`
`  HostName 203.0.113.10`
`  User fundi`
`  IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519`
`  IdentitiesOnly yes`
`  ServerAliveInterval 60`

Sasa ni `ssh duka` tu. Bila `IdentitiesOnly`, mwenye funguo nyingi hutupwa nje kwa `Too many authentication failures`, maana kila ufunguo unaowasilishwa ni jaribio, na kwa kawaida seva huvumilia majaribio 6.

5. Zima nenosiri

Acha dirisha la sasa wazi, na ufungue pia konsoli ya mwenye seva kwenye kivinjari. Stima ikipotea na ruta ikazima, dirisha peke yake halitakuokoa.

Usihariri `sshd_config` moja kwa moja. Ubuntu ya kukodi mara nyingi huja na `50-cloud-init.conf` ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`, nayo husomwa mapema. Thamani ya kwanza ndiyo inayoshika. Unda `00-ufunguo.conf` humo, uandike `PasswordAuthentication no`, kisha:

`sudo sshd -t && sudo systemctl reload ssh`
`sudo sshd -T | grep -i passwordauth`

Jaribu kuingia kwa dirisha jipya kabla ya kufunga la zamani.

6. Kuondoa ufunguo

Mfanyakazi akiondoka, futa mstari wenye lebo ya mashine yake (ile iliyowekwa kwa `-C`) ndani ya `authorized_keys`. Akiwa bado ameunganishwa, kufuta mstari hakumtoi. Mkatie kwa `sudo pkill -KILL -u` na jina lake la mtumiaji, ilimradi si akaunti unayoitumia wewe pia.