Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua au Kuuza Altezza Kuukuu Ukiwa Mwanza

Toyota Altezza ya kwanza iliingia sokoni Japani mwezi Oktoba 1998 na ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kuliko zote imeshafikisha miaka 20, na mipira, plastiki na nyaya zake zimezeeka hata kama bodi bado inang'aa. Kwa mkazi wa Mwanza, aliye zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandari ya Dar es Salaam ambako magari na vipuri vingi hushushwa, swali la kwanza lisiwe bei ya gari, bali liwe ni wapi kipuri kitapatikana siku kitakapohitajika. Ninaipenda mno gari hii, usukani wake na jinsi inavyosukumwa na magurudumu ya nyuma, na huniuma kuiona imewekwa juu ya mawe nyuma ya gereji za Nyakato kwa sababu mwenye nayo alinunua kwanza, akaanza kuuliza baadaye.

Kabla ya kumpigia dalali simu, amua unataka Altezza ipi, kwa sababu chini ya jina moja kuna magari mawili tofauti. AS200 ina injini ya 1G-FE yenye silinda sita na nguvu ya farasi 160. RS200 ina injini ya 3S-GE yenye silinda nne, ambayo kwenye gia za mkono hutoa farasi 210. Zote mbili ni za lita mbili, na zote mbili zilitolewa zikiwa na gia sita za mkono au otomatiki. Maandishi yaliyobandikwa nyuma ya gari yasikushawishi, kwa kuwa nembo huuzwa madukani na mtu yeyote anaweza kuibandika. Fungua boneti usome kibati cha chesisi: GXE10 ni ya silinda sita, SXE10 ni ya silinda nne. Kisha hesabu koili za plagi, moja kwa kila silinda, ili uone kama injini iliyomo inalingana na kibati.

Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua maisha yako na gari. Injini ya 1G-FE imo pia kwenye Mark II Grande ya GX110 na kwenye Verossa, magari ambayo Watanzania wameyatumia kwa miaka mingi, kwa hiyo mafundi wa Mwanza wameifungua mara nyingi, na plagi, sensa, gasketi na pampu ya maji si vitu vya kusubiri. 3S-GE ya Altezza ni habari nyingine. Muuzaji akisikia "3S" mara moja atakuletea vipuri vya 3S-FE, injini iliyomo kwenye RAV4 za zamani, Nadia na Ipsum, na atakuapia kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile: kichwa cha silinda ni tofauti, na 3S-GE ya Altezza ina VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, kwenye shafti zote mbili za juu, ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi. Gia za VVT-i hizo zikianza kulia kwa mkwaruzo injini inapowashwa asubuhi, kuzipata zilizo nzima ni kazi, na bei yake si ya mchezo. Injini hiyo pia ilisanifiwa kwa petroli ya oktani ya juu. Maoni yangu ni ya wazi: anayetaka gari la kwenda nalo kazini kila siku kutoka Buhongwa hadi mjini achukue AS200, na RS200 aiache kwa mwenye gari la pili nyumbani na subira ya kungoja mzigo.

Ukishaamua, tumia wiki nzima kuulizia vipuri kabla ya kuulizia gari. Andika vile ambavyo lazima vitaharibika: mkanda wa taimingi na pampu ya maji, boljointi za chini za mbele, shokapu, bushi za wishiboni, rediata, diski na pedi za breki, seti ya klachi, koili, na taa ya mbele nzima pamoja na kioo chake. Peleka orodha hiyo kwenye maduka ya Mwanza, kisha mtume ndugu au fundi unayemwamini aulizie Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam. Utagundua kwamba vipuri vya injini havitishi kama taa, bampa na vipande vya plastiki vya ndani, ambavyo havifanani na vya gari jingine lolote na hupatikana hasa kwa wanaochinja Altezza nyingine, yaani kuzifumua na kuziuza vipande vipande. Jumla ya orodha hiyo iongeze kwenye bei ya gari, na hapo ndipo utakapojua gari litakugharimu kiasi gani.

Katika kulikagua gari lenyewe, sharti la kwanza ni kulikuta injini ikiwa ya baridi. Muuzaji akikupokea injini inanguruma, mwambie utarudi kesho. Kagua kifuniko cha oili kwa ndani. Ukiona ute mweupe kama maziwa, huenda maji na oili vinakutana, na gasketi ya kichwa cha silinda ni ya kutiliwa shaka. Kisha washa, na ushike bomba la juu la rediata. Injini yenye thamostati nzima huliacha bomba hilo likiwa la baridi kwa dakika kadhaa, halafu joto huja kwa mkupuo pale thamostati inapofunguka. Bomba likianza kupata joto polepole tangu mwanzo, karibu hakika thamostati imeng'olewa. Ni desturi iliyoenea katika gereji zetu kuing'oa gari linapochemsha, na tatizo lililosababisha kuchemsha huachwa palepale, huku injini ikifanya kazi bila kufikia joto lake la kawaida, kompyuta ikizidisha mafuta, na mwenye gari akilalamika kwamba Altezza inakula. Tazama pia rangi ya maji ya rediata. Yakiwa ya kutu, gari limelishwa maji ya bomba badala ya kulanti, na njia za maji ndani ya injini zimeshaanza kulika.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ushahidi pekee wa kuaminika ni stakabadhi au kibandiko chenye tarehe na kilomita. Kauli ya "ulibadilishwa juzi tu" haina uzito, hasa kwa 3S-GE, ambayo mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni na injini huwa imekwisha. Iwapo hakuna ushahidi, hesabu kwamba haujabadilishwa, na punguza gharama hiyo kwenye bei. Mita ya kilomita nayo isikutawale, kwani huweza kurudishwa nyuma. Usukani uliolainika, pedali ya breki iliyolika na kiti cha dereva kilichobonyea husema ukweli zaidi.

Chini ya gari ndiko Mwanza yenyewe inakojionyesha. Mji huu umejengwa juu ya majabali, na njia za kupandia mitaa ya milimani kama Igogo na Mabatini hazikutengenezwa kwa ajili ya gari lenye tairi za 215/45 za inchi 17, ambazo ukuta wake hauzidi sentimita 10. Lipandishe gari juu ya shimo la gereji au liinuliwe, na usiridhike kuchungulia kwa tochi ukiwa umeinama. Tafuta sampo (bakuli la oili) iliyobonyea au iliyopigwa gundi, bomba la moshi lililochomelewa mara kwa mara, na rimu zilizonyooshwa kwa nyundo. Magari yaliyoshushwa kwa kukata springi yaogope kabisa, kwa kuwa mzigo wote wa mashimo umekwenda kwenye shokapu, bushi na boljointi. Boljointi za chini za mbele ni sehemu dhaifu inayojulikana ya gari hii. Ikichomoka ukiwa mwendoni, gurudumu hukunjika na usukani hauna tena la kukusaidia. Mwambie fundi alitikise gurudumu likiwa hewani huku akitazama boljointi yenyewe, na asikie kwa mkono kama inachezacheza.

Kutu nayo ina asili yake. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo gari lililokaa Mwanza tangu lishushwe huwa na nafuu kuliko lililolala miaka mingi kando ya bahari Dar es Salaam au Tanga. Hata hivyo, magari mengine yalikuja na kutu kutoka Japani, hasa yaliyotumika maeneo ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Ikague kwenye kingo za chini ya milango, kwenye mishikio ya shokapu na kwenye mabomba ya breki. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari zima ni sababu ya kukwangua.

Upande wa nyaraka, kadi ya gari ilinganishwe na gari kwa macho yako mwenyewe: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, na jina la anayeuza likilinganishwa na kitambulisho chake. Altezza nyingi zimebadilishwa injini, na hilo si kosa, lakini badiliko hilo linapaswa kuingizwa kwenye kumbukumbu za usajili TRA. Lisipoingizwa, tatizo litakuwa lako siku ya ukaguzi. Kwa kutumia namba ya usajili, angalia deni la faini kwenye mfumo wa TMS wa polisi wa usalama barabarani, angalia deni la maegesho la TARURA, na hakiki kama bima ya gari inatambuliwa na TIRA, mamlaka ya bima. Baada ya hapo mkataba uandikwe mbele ya wakili, na malipo yapitie benki.

Kuagiza kutoka Japani kunawezekana, ila kwa gari la umri huu hesabu hubadilika. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 kuna ushuru wa bidhaa unaoongezeka kwa sababu ya uchakavu, na Altezza zote zimeshapita miaka 10. Tumia kikokotoo cha magari kilicho kwenye tovuti ya TRA kabla ya kutuma hata senti, na mdai muuzaji karatasi ya mnada, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani. Gari lenye alama ya R au RA kwenye karatasi hiyo limewahi kugongwa na kutengenezwa.

Vipuri vinahitaji nidhamu kuliko fedha. Namba ya kipuri ya Toyota ina herufi na tarakimu 10 katika makundi mawili ya tano tano. Kundi la kwanza hutaja aina ya kipuri, kwa mfano 90915 kwa chujio la oili na 17801 kwa chujio la hewa, na la pili hutofautisha kimoja na kingine. Itafute namba hiyo kwa kutumia namba ya chesisi yako, na uitume kwa muuzaji pamoja na picha ya kipuri cha zamani kilichowekwa kando ya rula. Kipuri cha zamani usikitupe mpaka kipya kifungwe na gari litembee, kwani kurudisha kitu Gerezani kwa basi kutoka Nyegezi ni gharama nyingine. Majina kama Denso, NGK, KYB na 555 yanaaminika, na kwa sababu hiyohiyo yanaigwa. Boksi lenye chapa iliyofifia na bei ya nusu ya maduka mengine usilinunue. Kwa vipuri vya usalama, yaani breki, boljointi na tairi, mtumba usiwe chaguo. Kwa taa, bampa, milango na giaboksi, mtumba uliotoka kwenye gari la Japani mara nyingi ni bora kuliko kipya cha kuiga.

Kwa sisi wa ukanda wa ziwa kuna mlango mwingine ambao wengi wanausahau, nao ni Kampala. Soko la Kisekka lina vipuri vya mtumba vya magari ya Kijapani kwa wingi, na tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, safari ya kupitia Bukoba na Mutukula haisubiri tena kivuko. Nenda na kipuri chako mkononi, dai stakabadhi, na utangaze mzigo mpakani.

Anayeuza naye ajiandae mapema. Vipuri vya asili ulivyovitoa, kama rimu, springi, usukani na bomba la moshi, virudishe au vikabidhi pamoja na gari, kwa sababu mnunuzi makini hulipa zaidi kwa Altezza iliyo kama Toyota ilivyoitengeneza kuliko iliyopambwa kwa ladha ya mtu mwingine. Panga stakabadhi kwa tarehe. Taja kasoro kabla hazijagunduliwa, na uziandike kwenye mkataba ili mnunuzi asirudi baada ya mwezi akidai amedanganywa. Ukimtumia dalali, mkubaliane kwa maandishi malipo yake na bei ya chini unayoitaka, ili "cha juu" chake, yaani anachoongeza juu ya bei yako, kisimfukuze mnunuzi. Anayetaka kulijaribu gari aende na wewe ukiwa ndani, akiwa amekuonyesha leseni. Kadi ibaki mikononi mwako mpaka benki ithibitishe kwamba fedha imeingia, na siku hiyohiyo mfuatane TRA kuanzisha uhamisho wa umiliki, mkiwa mmeshakubaliana nani analipa ushuru wa stempu wa asilimia 1, kwa kuwa gari likiendelea kusoma jina lako, kila faini ya mwendo kasi atakayopigwa mwenzako kule Magu itakuja kwako.