Kupima VEGF kwenye damu kwa ELISA bila kujidanganya

VEGF ni protini ambayo seli humwaga nje ili mishipa mipya ya damu iote kuzielekea. Uvimbe wa saratani huitoa kwa wingi, lakini hata jeraha linalopona huitoa, kwa hiyo usiichukulie kama kipimo cha kumwambia mtu ana saratani au hana. Kazi yake ya maana ni utafiti na kufuatilia mabadiliko ndani ya mgonjwa yule yule. Tena ni shabaha ya dawa: bevacizumab, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, huikamata VEGF yenyewe. Hili la mwisho litatusumbua huko mbele.

Tunaipima kwa ELISA, yaani kipimo kinachoinasa protini kwa kingamwili kwenye pleti ya plastiki, kisha kutoa rangi kadiri protini ilivyo nyingi. Anza na sampuli, maana hapo ndipo vipimo vingi vinapoharibika.

Tumia plazma (majimaji ya damu isiyoganda), si seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda). Chembe sahani za damu zimehifadhi VEGF ndani yake, na damu ikiganda zinaimwaga. Ukipima seramu, sehemu kubwa ya unachosoma imetoka ndani ya tyubu yako. Chukua damu kwenye tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu isigande), ipindue taratibu mara 8 hadi 10 (usiitikise), kisha ndani ya dakika 30 izungushe kwenye sentrifuji kwa 1,000 g (yaani mara 1,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia, si gramu), dakika 15. Nyonya plazma ya juu tu, uache kama nusu sentimita juu ya tabaka jeupe la chembe nyeupe na chembe sahani. Ihamishie kwenye tyubu safi na uizungushe tena kwa 10,000 g, dakika 10, kwenye nyuzi 4 za Selsiasi.

Mzunguko wa pili ndio unaorukwa sana, kwa sababu plazma tayari inaonekana safi. Usafi huo unadanganya: chembe sahani zilizobaki hupasuka zikigandishwa kwenye friza, na sampuli ya jana inapanda bila mgonjwa kubadilika. Kosa jingine ni kuandika mizunguko kwa dakika badala ya g. Mizunguko 3,000 kwenye rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 ni kama 1,000 g. Kwenye ya sentimita 15 ni kama 1,500 g. Gawa plazma mikrolita 250 kwa kila tyubu, hifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na tyubu ikishayeyuka usiirudishe. Plazma iliyoingia wekundu itupe.

Sasa pleti ya vishimo 96. Unahitaji kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za VEGF: moja ya kunasa, nyingine ya kugundua, iliyobandikwa biotini (vitamini ndogo inayotumika kama kishikizo). Kwa ya kunasa, mikrogramu 2 kwa mililita ndani ya PBS (bafa, yaani maji ya chumvi yasiyobadilika asidi kirahisi) ni mwanzo mzuri. Kila kishimo kinapata mikrolita 100, hivyo tayarisha mililita 10.5; kama kingamwili yako ina miligramu 0.5 kwa mililita, chota mikrolita 42. Funika, ilale usiku kucha kwenye nyuzi 4.

Asubuhi osha mara 3 kwa PBS yenye Tween-20 (aina ya sabuni laini) asilimia 0.05, kisha ziba nafasi zilizobaki kwa mikrolita 300 za BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 1, saa moja. Osha tena. Weka sampuli na vipimo sanifu (VEGF ya kiasi kinachojulikana), mikrolita 100 kila kimoja na kila kimoja mara mbili, saa 2 kwenye joto la chumba. Vipimo sanifu huanzia pikogramu 1,000 kwa mililita, unapunguza nusu kwa nusu hadi 15.6, na kishimo kitupu cha sifuri. Viyeyushe kwenye bafa yenye BSA. Kwenye bafa tupu protini chache hivi hung'ang'ania plastiki na mkunjo wako, yaani mchoro wa rangi dhidi ya kiasi cha VEGF, unalala.

Osha, weka kingamwili ya biotini saa 2, osha, weka streptavidini (protini inayoshika biotini) yenye HRP (kimeng'enya cha kutoa rangi) dakika 20 gizani, osha, weka TMB (kemikali ambayo HRP huigeuza buluu) dakika 20. Simamisha kwa mikrolita 50 za asidi ya salfuriki yenye nguvu ya 2 N, usome kwenye nanomita 450 ukitoa usomaji wa 570. Chora mkunjo wa vigezo vinne, si mstari ulionyooka.

Pleti nzima ikiwa ya buluu, hata kishimo cha sifuri, uoshaji ni hafifu: gonga pleti kwenye karatasi ya kufyonza kila baada ya kuosha. Isipotoa rangi kabisa, angalia kama bafa ina sodiamu azidi, kwa sababu huua HRP. Vishimo vya pembeni vikiwa tofauti na vya katikati, pleti zilirundikwa au hazikufunikwa. Halafu jaribu plazma ileile ikiwa imezimuliwa mara 2, 4 na 8. Ukizidisha kurudi, majibu yakipishana zaidi ya asilimia 20, kuna kitu ndani ya plazma kinaingilia, na jibu la mzimuo mmoja halifai kuripotiwa.

Mgonjwa aliyepewa bevacizumab ni habari nyingine. Dawa ikishashika VEGF, mchanganyiko huo hukaa kwenye damu muda mrefu, kwa hiyo VEGF ya jumla inaweza kupanda wakati dawa inafanya kazi. Kipimo kinachosoma ile huru tu kitaonyesha imeshuka. Jua chako ni kipi: chukua plazma ya mtu asiyetumia dawa, ongeza VEGF pikogramu 500 kwa mililita, igawe, na nusu moja uitie bevacizumab mikrogramu 100 kwa mililita kwa saa moja. Nusu hiyo ikiporomoka, unasoma VEGF huru. Sampuli ya msingi ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Ukiikosa, subira haikusaidii upesi: dawa hii hupungua nusu kwa siku 20 hivi, na baada ya wiki 6 karibu robo yake bado imo mwilini.