Kabla hujanunua nguo, igeuze ndani nje

Watu wengi wakitaka kuanza kuvaa kwa kujali mazingira na wanaoshona nguo, swali lao la kwanza ni ninunue brandi gani, matokeo yake wanaishia na fulana nne mpya zenye kijani kwenye lebo wakati kabati lenyewe halifungi. Mi nasema anza na nguo iliyopo mkononi. Shati la kampuni ya kawaida tu ukilivaa miaka sita lina nafuu kuliko la pamba ya kilimo hai linalofumuka kwapa baada ya kufuliwa mara tano, maana maji, umeme na jasho la mtu vimeshatumika kote kote.

Ukiipenda nguo jiulize utaivaa na nini, taja vitu vitatu ambavyo tayari unavyo nyumbani. Usipovipata irudishe kwenye hanga, hapo hamna mjadala.

Ukivipata, igeuze. Nenda moja kwa moja kwapani na kati ya mapaja maana huko ndo nguo hufia, shika kitambaa pande mbili za mshono uvute taratibu, ukiona mwanga unapita katikati na uzi unachungulia basi hiyo haina maisha. Stichi ziwe fupi na zimebanana. Halafu angalia kitambaa kilichobaki nje ya mshono, hiki watu hawakiangalii kabisa na mimi naona ndo kinasema ukweli kuliko vyote: kama kimeachwa angalau upana wa kidole, ukinenepa kidogo fundi ana pa kufungulia, ila kama kimekatwa kikaishia palepale kwenye ovaloki, ule uzi unaofunga ukingo usifumuke, basi aliyetengeneza hakutegemea kama utairekebisha. Pindo la suruali na sketi ni hivyo hivyo. Kama nguo ina mistari au drafti, tazama ubavuni kama zinakutana, kuzikutanisha kunakula kitambaa kingi na kunataka muda kwa hiyo anayelipua kazi hahangaiki nazo. Pandisha zipu na kuishusha mara kadhaa, tikisa vifungo. Finya kitambaa kwenye ngumi kisha kiachie uone kama kinajikunjua, uvute na sehemu ya goti uone kama inarudi au inabaki imepwaya. Mitumba nayo pima hivyo hivyo, tena ina faida moja, nguo ikiwa imeshafuliwa mara nyingi na bado imesimama basi mtihani imeshafaulu.

Ndo sasa usome lebo ya ndani. Pamba tupu inavalika vizuri na inashoneka ikichanika, ila inakunywa maji, makadirio yanayotajwa sana ni kama lita 2,700 kwa fulana moja, na Bahari ya Aral kule Kazakhstan na Uzbekistan ilikauka sehemu kubwa kwa sababu kuanzia miaka ya 1960 maji ya mito yake yalipelekwa kumwagilia mashamba, pamba ikiwa mbele. Polyesta inatokana na mafuta ya petroli, inadumu sana, lakini kila ikifuliwa inaachia vinyuzi vya plastiki visivyoonekana kwa macho vinavyoishia kwenye mito na bahari. Ile polyesta ya "chupa zilizorejelewa" nayo usiishangilie sana, chupa ingeweza kurudi kuwa chupa tena, ikishakuwa nguo mara nyingi safari yake inaishia hapo. Kitambaa cha mchanganyiko, sijui pamba 60 polyesta 40, ni kigumu kutenganisha kikichakaa, kwa hiyo kinunue tu kama kweli utakivaa mpaka kiishe.

Kuhusu "mwanzi", kaa macho. Nguo nyingi zinazouzwa kama za mwanzi ni viskosi, yaani mti umesagwa ukayeyushwa kwa kemikali ikiwemo kaboni disalfaidi ambayo inadhuru mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wa kiwandani. Marekani wameshatoza faini maduka makubwa kwa kuita viskosi mwanzi. Kama unapenda kitambaa laini cha aina hiyo tafuta layoseli, yenyewe kimiminika kinachoyeyusha mti kinakusanywa karibu chote na kutumika tena.

Nembo zinasaidia ila kila moja ina kazi yake. OEKO-TEX Standard 100 inapima kemikali zenye madhara kwenye nguo yenyewe basi, haikuambii kitu kuhusu mshahara wa aliyeshona. GOTS, nembo ya nguo za nyuzi za kilimo hai, inaenda mbali zaidi, daraja lake la juu linataka angalau asilimia 95 ya nyuzi ziwe za kilimo hai na la pili asilimia 70, na wanaangalia rangi, maji taka na hali ya wafanyakazi. Neno kama "rafiki wa mazingira" bila nembo wala maelezo ni mapambo tu.

Kwa upande wa watu, ingia tovuti ya kampuni utafute kitu kimoja, orodha ya viwanda vyao yenye majina na anwani. Sio picha za mama anatabasamu na cherehani. Kwa nini orodha? Jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, nyufa zilionekana siku moja kabla, benki iliyokuwa chini ikawatoa watu wake lakini mafundi wa nguo juu wakaambiwa warudi kazini, na baadaye ilibidi lebo zichambuliwe kwenye kifusi ili ijulikane nani alikuwa anashonewa pale. Unaweza pia kutafuta kiwanda kwenye Open Supply Hub, tovuti yenye orodha ya viwanda, ni bure. Ukiwaandikia uliza kama wanalipa mshahara unaotosha kuishi, maana kima cha chini cha kisheria sehemu nyingi hakitoshi, na wakikujibu kwa aya tatu zisizo na namba hata moja ushapata jibu.

Ukishaifikisha nyumbani usiifue kila ukiivaa kama haijachafuka, ianike tu ipate hewa. Ukifua geuza ndani nje, maji ya baridi au ya nyuzi joto 30, anika kivulini maana jua linapausha rangi. Kifungo kikilegea kishone siku hiyo hiyo kabla hakijadondoka, na mshono ukianza kuachia mpelekee fundi ungali mdogo.

Nguo usiyoivaa tena ukitaka kumpa mtu, ifue kwanza na uishone palipoachia, vinginevyo unamhamishia tu taka zako. Ambayo haivaliki kabisa, toa vifungo na zipu uweke akiba, pamba kata ziwe vitambaa vya kufutia. Soksi zilizotoboka hata usimpe mtu, zinapolishia viatu vizuri sana.