Dawa zilizobaki nyumbani: usizimwage chooni

Juzi mama mmoja alinijia kwenye duka la dawa ninakouza, Mbagala, Dar es Salaam, na chupa ya sirapu ya amoksilini iliyochanganywa tangu mwezi uliopita. Unga ulikuwa umeganda chini. Nikamwuliza dawa nyingine zinazobaki huwa anazitupa wapi. "Chooni, mwanangu, watoto wasije wakazinywa." Nia yake njema kabisa. Ila choo ni cha shimo, na kisima wanachotekea maji kiko ua huohuo, kwenye mchanga wetu huu unaopitisha maji upesi, kwa hiyo dawa inaweza kufika kisimani.

Hatua ya 1: Usitegemee sufuria kuondoa dawa kwenye maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, na lazima uendelee, maana kipindupindu ndicho hatari ya karibu. Lakini dawa nyingi haziondoki kwa moto. Maji yanapungua kwa mvuke, zenyewe zinabaki. Klorini nayo si tiba ya hili. Chujio la mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa maalumu kunasa kemikali, hupunguza nyingi, mradi ubadilishe mkaa wake kwa wakati. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Usiogope glasi yako ya leo: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2012 kwamba kiasi kinachokutwa kwenye maji ya kunywa huwa chini mno ya dozi. Kinachoninyima raha mimi ni antibayotiki zinazoingia kwenye majitaka kila siku, bakteria wakazizoea.

Hatua ya 2: Kagua kabati. Tenga zilizoisha muda na vile vidonge vya rangi mbili vya nusu dozi. Uliza kwanza duka la dawa au kituo cha afya kama wanapokea. Si wote wanaopokea.

Hatua ya 3: Wasipopokea, zika dawa kwenye majivu. Chukua kopo tupu la maziwa lenye kifuniko. Toa vidonge kwenye pakiti, usivisage, vichanganye na majivu yaliyoloweshwa kidogo. Majani ya chai yaliyotumika yanafaa pia. Machicha ya nazi siyapendi, yanaita kuku. Sirapu imimine juu ya mchanga mkavu au majivu mpaka inywewe yote. Funga, zungushia solotepu, kisha weka kwenye taka zinazochukuliwa na gari. Jina lako kwenye chupa likwangue. Usichome moto uani: moshi wake ni sumu, na kopo la dawa ya pumu hulipuka.

Sindano zisiingie humo kabisa. Zipeleke kituo cha afya.

Hatua ya 4: Angalia choo na kisima. Sehemu ya dawa unayomeza hutoka na mkojo, hilo huwezi kulizuia. Ndiyo maana kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni. Na masika yakianza, tafadhali, usitapishe choo, yaani kukifungulia uchafu uende na maji ya mvua. Yale maji yanaingia mitaroni, mengine yanaishia mtoni, na njiani kuna visima vya watu.

Hatua ya 5: Angalia pia kinachotoka bafuni. Sabuni ya kawaida inatosha. Triklosani, kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye sabuni za "kuua vijidudu" Marekani waliipiga marufuku mwaka 2016 kwenye sabuni za kunawia za nyumbani. Mkorogo (krimu ya kung'arisha ngozi) wenye zebaki usiumwage popote, zebaki haiozi.

Hatua ya 6: Ukija dukani, taja siku ulizoandikiwa na daktari, uhesabiwe vidonge hivyohivyo, na antibayotiki uzimalize. Yule mama nilimpa kopo na solotepu. Majivu alisema anayo tele jikoni.