Namna tunavyopika brandi ya zabibu shambani kwetu

Kwanza ulizia sheria. Katika nchi nyingi kutengeneza mvinyo wako nyumbani si kosa, ila kuukeneka, yaani kuuchemsha na kuupoza mvuke wake mpaka ugeuke pombe kali, kunataka kibali hata kama unapikia ndugu tu. Kibali chetu kimebandikwa ukutani karibu na mtambo. Marehemu baba hakupenda kuulizwa maswali mara mbili.

Zabibu za mvinyo wa kunywa tunazingoja ziive hasa. Za brandi tunazichuma mapema kidogo, zingali na uchachu wake. Uchachu huo ndio mlinzi wa mvinyo, kwa sababu hatutii dawa ya salfa hata chembe. Salfa ikichemshwa hupanda na mvuke, inanuka kiberiti na inakula shaba ya mtambo. Ndiyo maana sipendi mtu aniletee mvinyo uliokwisha kutiwa dawa nimpikie.

Mvinyo wetu unatoka na alkoholi ya asilimia 9 hivi. Ukitaka kupiga hesabu, kila gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huzaa takriban asilimia moja ya alkoholi. Wageni husikitika wakisikia hiyo 9, wanadhani mvinyo ukiwa mkali na brandi itakuwa bora. Ni kinyume. Mvinyo mwepesi unakulazimu utumie mwingi zaidi kupata lita moja, na harufu yote ya tunda inakusanyika humo. Kule Cognac, Ufaransa, huhesabu kama lita 9 za mvinyo kwa lita moja ya brandi changa.

Sasa jambo ambalo sitaki ulipite haraka: methanoli, ile sumu inayopofusha watu. Inatokana na pektini, ile gundi ya asili ya matunda, na pektini imejaa kwenye maganda. Kwa hiyo tunakamua siku ileile ya kuchuma, maganda na vikonyo tunaviweka kando, na kinachochachushwa ni maji ya zabibu peke yake. Wapo wanaokeneka makapi, kama Waitalia na grappa yao, lakini wanaofanya hivyo kwa uangalifu hupima walichopata. Wewe unayeanza, anza na maji ya zabibu.

Utasikia watu wakisema mwaga matone ya kwanza na sumu yote imeondoka. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 na alkoholi ya kunywa kwenye 78.3, basi wanadhani zinatoka kwa foleni. Hazitoki hivyo. Zikishachanganyika na maji, methanoli inaendelea kuvuja tangu mwanzo wa upishi hadi mwisho. Na ule mtindo wa kuwasha kijiko cha pombe ili kuona kama moto ni wa buluu haupimi chochote, maana methanoli nayo huwaka buluu. Kinga iko kwenye kukamua mapema.

Maji ya zabibu tunayatia hamira ya mvinyo kwenye pipa lisilojaa, kwa sababu povu hupanda, na tunaliweka mahali penye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 22. Mapovu yakikoma na ulimi ukakosa utamu, mvinyo uko tayari. Usiuache ukae. Hauna dawa ya kuulinda, na ukigeuka siki hakuna mtambo utakaouponya.

Mtambo wetu ni chungu cha shaba chenye kofia na shingo ndefu, kisha koili inayozunguka ndani ya pipa la maji. Shaba si urembo: inanasa harufu mbaya za salfa ambazo hamira yenyewe huzalisha. Viungo visilehemiwe kwa risasi, madini yenye sumu, na rejeta ya gari isitumike kabisa kama koili, kwa sababu hiyohiyo ya risasi. Maji baridi yaingizwe kwenye pipa kwa chini, ya moto yatokee juu. Chungu tunakijaza theluthi mbili tu. Mianya ya kofia tunaiziba kwa unga uliokandwa na maji, ambao hukauka na kuzuia mvuke, na mvuke ukizidi nguvu unga ndio unaoachia kwanza. Mdomo wa koili usizibwe kamwe.

Mvuke wa alkoholi unashika moto, na mchana ndimi zake hazionekani vizuri. Chombo cha kupokelea kiwe mbali na jiko, kiwe cha kioo au chuma kisichoshika kutu. Anayelinda moto haondoki, hata akiitwa kula.

Upishi wa kwanza hauna makuu. Unachemsha mpaka kinachotoka kimepoteza nguvu, unapata karibu theluthi ya ulichotia, yenye alkoholi ya asilimia 27 hivi. Unasafisha chungu, unairudisha.

Upishi wa pili ndio wenye kazi, na hapo anakuja shangazi. Moto unapunguzwa hadi kinachotoka ni uzi mwembamba usiokatika. Kiasi cha kwanza, kama asilimia 1 au 2 ya ulichotia, tunakiita kichwa: kinanuka rangi ya kucha na kinachoma pua. Shangazi haonji. Anadondosha tone kiganjani, anasugua viganja, ananusa, anasubiri kikauke, ananusa tena. Ukali ukiondoka na likabaki tunda, anasema "badilisha", nasi tunabadilisha chombo papo hapo. Kichwa hakirudi chunguni.

Kinachofuata ni moyo, na moyo ndiyo brandi. Kwa wastani unakusanyika na asilimia 70 hivi. Kipimo, kile cha kioo kinachoelea, husomwa kwenye nyuzi 20. Pombe ikiwa ya moto kinakudanganya kwa kuonyesha ukali usiokuwepo. Kikikaribia 60 shangazi anavuta kiti. Kati ya hapo na 55 huingia harufu ya boksi lililoloa, na huo ndio mkia. Anakata kabla hujaweza kuuonja mdomoni. Mimi huwa natamani tuendelee kidogo, lita mbili tatu si haba, lakini kwake hakuna mjadala. Mkia tunauhifadhi na kuuchanganya na upishi ujao.

Brandi changa ni nyeupe kama maji. Rangi yote huletwa na pipa la mwaloni. Sheria ya Cognac inataka angalau miaka 2 ndani ya mbao, na kila mwaka kama asilimia 2 huyeyukia hewani. Wafaransa husema malaika wamechukua fungu lao. Pipa dogo na jipya huiva haraka mno, kwa hiyo onja mara kwa mara, na ladha ya mbao ikianza kulifunika tunda, hamishia kwenye pipa kuukuu.

Kupunguza ukali, tumia maji yaliyokenekwa, kidogokidogo, na uyaache yatulie kati ya awamu moja na nyingine. Lita 10 za asilimia 70 zikishuka hadi 40 zinakuwa lita 17.5, ila utahitaji maji zaidi kidogo ya lita 7.5, kwa kuwa maji na alkoholi vikichanganyika hujibana. Maji yenye chumvichumvi yataleta ukungu. Pumzisha wiki kadhaa, kisha jaza chupa, na uzihifadhi zikiwa zimesimama: chupa ya mvinyo hulazwa, lakini brandi ikiugusa mfuniko wa koki, yaani wa gome laini la mti, muda mrefu huula.